Karai Lililokosa Safari

Kwenye ukuta wa kituo cha treni cha Toretam, upande usiopigwa na upepo wa kaskazini, kuna benchi refu la mbao. Rymkul, mwenye kibanda cha chai, hulifuta kila asubuhi huku akililaani, kwa kuwa wanaolikalia huongea zaidi ya wanavyokunywa. Ukikaa hapo unaona reli, nyuma ya reli uzio, nyuma ya uzio nyika, na mbali kabisa, siku ambazo vumbi limetulia, yale mabanda makubwa zilimolala ndege za kwenda anga za juu tangu mradi wake ulipofungwa. Wakaaji wa benchi ni wale wale. Yuko Antena, mrefu na mwembamba, aliyekuwa fundi wa redio huko mabandani na ambaye bado hunasa habari ambazo hakuna aliyezituma. Yuko Koti, mlinzi wa zamani wa geti, anayevaa koti la kazi la buluu lenye vifungo vya serikali iliyokwisha kufa. Yuko Kadhi, dereva wa teksi, mdogo kuliko wote, aliyesoma dini kwenye simu akiwa anangoja abiria. Na mimi, niliyefundisha jiografia shule ya hapa, wananiita Mwalimu. Nikiombwa kukata shauri hunywa chai.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya Oktoba, baridi imeanza kuuma masikio. Apa Zibagul alikuja akiwa amevaa kilemba cheupe kipya, mkoba mkononi. Treni yake ya kwenda Shymkent ilikuwa inakuja alasiri, na kutoka huko angepanda ndege kwenda Umra. Ameingoja safari hiyo tangu mjukuu wake wa kwanza hajaota meno. Sasa mjukuu huyo ananyoa ndevu.

— Assalaam alaykum, kijiwe.

— Alaykum salaam, Apa! — akaitikia Antena. — Karibu, kaa. Koti, hebu sogea, umejitandaza kama umeoa benchi.

Sisi sote humwita Apa, kama mtu wa huku anavyomwita dada mkubwa au mama wa mwenzake. Koti peke yake humwita shemeji. Marehemu mumewe, Orazbek, alikuwa kwa Koti kama kaka, na kwa mke wa kaka mtu ana ruhusa ya utani.

— Shemeji, kilemba hicho! Malaika watakutongoza.

— Watangoja foleni nyuma yako, kama wengine, — akasema Apa, lakini hakucheka, wala hakuketi. — Sikilizeni. Nimezunguka mtaa mzima kuomba radhi, kama inavyompasa msafiri. Kwa jirani Balzhan nimeomba radhi ya yule kuku niliyemchinja mwaka ule. Akalia, akasema kuku mwenyewe alikuwa wangu. Nimemaliza kote. Kimebaki kitu kimoja.

— Kipi?

— Karai.

Hakuna mtu wa Toretam asiyelijua karai la Apa. Ni nusu ya tufe la titani, chuma chepesi na kigumu, lililotengenezwa kubeba hewa iliyoshindiliwa ndani ya ndege ya anga. Mradi ulipofungwa na amri ikatoka kwamba vilivyobaki vikatwe viwe chuma chakavu, Orazbek, aliyekuwa dereva wa kreni, alirudi nyumbani na nusu ya tufe hilo kwenye pikipiki. Lilikuwa limekatwa sawasawa kama tikiti. Tangu hapo hakuna harusi ya mtaa wetu, tohara, wala hitima iliyopikiwa kwingine. Kondoo mzima huingia humo na kubaki na nafasi ya kugeuka.

— Karai limefanya nini? — Kadhi aliuliza.

— Limenitazama.

— Limekutazama, Apa?

— Kama ng'ombe. Imamu aliniuliza jana: nyumbani mwako kuna kitu cha mtu? Nikajibu hakuna, kwa sauti, na wanawake wenzangu wakisikia. Nikarudi jikoni, likawa linanitazama. Orazbek hakuniambia kalipata kwa nani, na mimi sikumwuliza. Sasa niende kwenye Nyumba ya Mungu nimeacha wizi jikoni? Nyie mnaojua mambo kabla hayajatokea, niambieni: ni langu au si langu? Kama si langu, mkoba huu narudi nao nyumbani. Sipandi.

Na akauweka mkoba chini, katikati ya miguu yetu, kama mtu anayeweka ushahidi.

Kadhi ndiye aliyeanza, maana jambo lilikuwa la fani yake.

— Sheria iko wazi, Apa. Cha mtu hurudishwa kwa mwenyewe.

— Mwenyewe nani?

— Serikali.

— Ipi, mdogo wangu? — akadakia Koti, akishika kifungo cha koti lake. — Ile ilishakufa. Na wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

— Aliyekufa ana warithi.

— Warithi kumi na watano! — Antena alipiga goti lake. — Nchi kumi na tano zilitoka katika tumbo lile. Kwa hiyo Apa alikate karai vipande kumi na vitano, avipeleke posta? Cha Estonia hakitatosha hata kuchemshia yai.

— Mimi nasema sheria, sisemi posta.

— Na mimi nasema umekosea tangu mwanzo. Lile tufe halikuwa mali ya serikali. Lilikuwa mali ya safari. Nilikuwepo, nayajua. Ndege ya kwanza iliruka, ikarudi. Tufe hili lilikuwa la ndege iliyofuata, ambayo haikuruka. Sasa fikirini kwa akili za kitaalamu: kitu kilichopangiwa safari na hakijafika, kiko wapi? Kiko njiani! Na mzigo ulioko njiani hauna mwenyewe mpaka ufike.

— Mzee Antena, — Kadhi alisema taratibu, akitazama reli, — watu wanaochukua mizigo ikiwa njiani wana jina lao, na wapo gerezani Kyzylorda.

— Hujaelewa. Usione vyaelea, vimeundwa!

— Kilielea lini? — akauliza Koti. — Kilikaa bandani mpaka paka wakazalia ndani. Mimi mwenyewe nilikuwa nawapelekea maziwa.

Apa alikuwa amemgeukia.

— Bolatbek, — akasema.

Ndilo jina halisi la Koti; sijui kama nilikuwa nimelisikia mwaka mzima ule. Koti aliweka kikombe chini.

— Siku ile getini ulikuwa wewe.

— Nilikuwa mimi, shemeji.

— Basi sema.

— Kulikuwa na tufani ya mchanga. Huoni mkono wako. Kaja na pikipiki, kitu kimefunikwa blanketi. Nikamwuliza, umebeba nini, kaka? Akasema, nusu ya mwezi. Nikacheka. Nikamwambia njia iwe njema, nikafungua.

— Halafu?

— Halafu nikafunga. Upepo ulikuwa mwingi.

— Njia iwe njema si idhini, — akasema Kadhi, bila ubaya. — Hata mwizi huambiwa hivyo, na watu wasiomjua.

— Nilifungua geti!

— Geti hufunguka hata kwa mwizi, kaka. Ndiyo maana huwekewa mlinzi.

— We mtoto, chunga ulimi. Siku hiyo ulikuwa unanyonya bado. Na ulipotahiriwa, ulipolia mpaka tukadhani umekatwa shingo, pilau ya kukunyamazisha ilipikwa wapi?

Ilipikwa ndani ya karai.

— Ngoja, ngoja, — akasema Antena, na macho yake yakapata ile nuru tunayoiogopa. — Hapa pana jambo. Kama karai ni la wizi, pilau ilikuwa ya haramu. Pilau ikiwa ya haramu, tohara yako, Kadhi, inasimama vipi?

— Tohara haisimami juu ya pilau!

— Na harusi je? — aliuliza Koti. — Mimi na Sholpan tulipikiwa humo.

— Ndoa bila karamu ya halali, — Antena alitamka kama mtu anayesoma redioni, — ni mazungumzo tu.

Koti alifikiri kidogo.

— Yaani mimi na Sholpan tumekuwa tukizungumza muda wote huu?

— Tena kwa sauti, — Rymkul akasema kutoka kibandani. — Mpaka huku tunawasikia.

— Kwa hiyo mimi ni kapera? — Koti alilitamka neno hilo polepole, kama anayeonja kitu alichokatazwa na daktari.

— Usifurahi mapema, — Antena alimwambia. — Mwanao Daulet katoka katika mazungumzo hayo. Daulet ndiye aliyechimba mtaro wa bomba la maji la mtaa. Kama Daulet hayupo kisheria, bomba halipo kisheria. Na kama bomba halipo, maji yake ni nini?

— Ni haya yanayochemka kwenye samovari, birika la Rymkul, — nikasema mimi. Sikuweza kujizuia.

Kila mtu alitazama kikombe chake. Antena aliweka chake chini kwenye benchi, mbali kidogo, kwa heshima. Upepo ulipita. Mvuke wa chai ukainama upande wake. Alikitazama, akatazama mbingu, akakichukua tena.

— Dharura huhalalisha, — akasema.

— Baridi ni dharura, — Kadhi alikubali, naye akanywa.

Tulicheka, hata Rymkul. Ni Apa tu ambaye hakucheka. Alikuwa amesimama pale pale, mikono ameikunja juu ya tumbo, akitazama reli.

— Nyie mnacheka, — akasema. — Treni inakuja.

Nikaona haya. Mtu alikuwa ameleta kijiweni jambo zito kuliko mkoba wake, na sisi tukalirushiana kama watoto na mpira. Nikamwuliza, kwa kuwa nilikuwa sijui na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa amefikiria kuuliza:

— Apa, siku ile alipoingia nalo ndani, Orazbek alisema nini?

Ndipo alipoketi.

— Alikuwa mweupe wote kwa mchanga, — akaanza. — Mpaka kope. Akaliweka sakafuni, likawa linayumba-yumba kama susu la mtoto. Nikamwambia, umeleta nini tena nyumbani, mwanamume wewe, hapa tuna nafasi? Akasema: Zibagul, nimekuletea sarkyt.

Huku kwetu, mtu akitoka karamuni hatoki mikono mitupu. Hufungiwa nyama kidogo, maandazi, peremende, apeleke kwa ambao hawakuweza kufika: mgonjwa, mtoto, mke aliyebaki na ng'ombe. Hiyo ndiyo sarkyt. Aliyeila huhesabiwa kuwa naye alikuwapo.

— Mimi sikuwahi kuiona ndege ile kwa karibu, — Apa aliendelea. — Hatukuruhusiwa. Siku iliporuka nilikuwa nakamua ngamia. Nikaona tu mwanga umepita juu ya wingu. Orazbek alisema iliporudi, imejiendesha yenyewe, hamna mtu ndani, wanaume wazima walilia bandani, wakakumbatiana na kreni. Halafu ikawa basi. Hakuna aliyewaambia kwa herini. Jioni ile alisema: karamu imekwisha, mama watoto, watu wanaondoka, na hiki ndicho changu cha kukuletea. Akacheka. Halafu akageuka upande wa ukuta, na mabega yake nikayaona.

— Sarkyt! — Koti alisimama wima, machozi tele. — Basi imekwisha! Shemeji, chukua mkoba wako! Nani kawahi kuitwa mwizi kwa sarkyt?

— Kweli, — Kadhi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. — Zawadi ya mgeni ni halali. Hakuna shaka hapo.

— Mimi nilikuwa nalijua tangu mwanzo, — akasema Antena. — Ila nilikuwa naanzia mbali. Tazameni! Ile ndege waliyoiweka kwenye bustani watoto waipande: sarkyt. Vigae vyake vyeusi vya kukinga moto, ambavyo kila nyumba inawekea birika: sarkyt. Bati la banda langu la ngamia, ambalo halishiki kutu mpaka kiama: sarkyt. Na niwaambie la zaidi. Mradi ule haukuwahi kumrusha mtu hata mmoja. Abiria pekee waliopata kuingia ndani ya kifaa chake ni kondoo wa mtaa wetu!

— Walisafiri salama? — akauliza Kadhi.

— Walifika laini kabisa.

Safari hii Apa alicheka. Na kicheko chake kilitufungua. Koti akasema kwamba mama yake alipofariki, theluji ikiwa imefunga njia, karai lilikaa motoni mpaka mgeni wa mwisho alipopata kula, na Apa hakuketi hata kidogo. Kwamba yeye hakuwahi kumshukuru, kwa kuwa siku ya msiba mtu hashukuru, na baadaye huona amechelewa. Kadhi akasema bado anaukumbuka utamu wa pilau ile ya tohara kuliko anavyokumbuka maumivu. Rymkul akatoka kibandani, akakausha mikono, akasema dada yake aliolewa mbali na bado huwa anaulizia lile karai kama watu wanavyoulizia jamaa. Antena naye, ambaye hamshukuru mtu, alisema kimya kimya:

— Mimi nilifanya kazi mle ndani ujana wangu wote. Nikadhani hakuna kilichobaki. Kumbe nilikuwa nakila kila harusi.

Pembeni mwa benchi alikuwa ameketi mwanamke tusiyemjua, mpita njia kutoka Kazaly, na magunia mawili ya matikiti ya kuuza. Alikuwa anakula mkate wake polepole na kusikiliza, kama wasafiri wanavyosikiliza. Sasa alikung'uta chembe za mkate kwenye kiganja.

— Samahani, wakubwa zangu. Mimi ni mgeni.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! — Antena alimkaribisha. — Sema, binti.

— Nilitaka kuuliza tu. Kwetu Kazaly, sarkyt hujifungii mwenyewe. Hata uwe na njaa vipi, unangoja. Mwenye nyumba ndiye anayekufungia kwa mkono wake. Labda huku kwenu ni tofauti.

— Si tofauti, — akasema Apa.

— Basi mwenyeji wenu alikuwa nani?

Antena, kwa mara ya kwanza, alimgeukia Kadhi amsaidie.

— Mkurugenzi? — Kadhi alijaribu.

— Naye alikuwa mgeni, — akasema Koti. — Aliondoka na sanduku moja, mkewe kashika chungu cha maua. Mimi niliwafungulia.

— Serikali, basi.

— Ilitoka kabla yetu. Haikuaga.

— Walisema ni mali ya watu wote, — nikasema mimi.

— Watu wote ndio waliokuwa wageni, Mwalimu, — akasema Apa.

Nyuma ya uzio nyika ilikuwa tulivu, na mabanda yakaonekana, madogo kama viberiti. Nimesoma vitabu vingi kuhusu waliojenga vitu vikubwa na jinsi walivyoviacha, na katika vyote sikukumbuka hata ukurasa mmoja uliouliza alichouliza mwuza matikiti yule. Koti alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, ule wa kufungulia geti.

Treni ikalia upande wa Kazaly.

Apa aliinama, akauchukua mkoba. Sote tulimtazama miguu, tuone itaelekea wapi. Ilisimama kwanza mbele ya yule mgeni.

— Unaitwa nani, mwanangu?

— Ulbosyn, Apa. Sikutaka kuharibu.

— Hujaharibu. Nimeishi na mwanamume yule, nimemwuliza kila kitu, umekula nini, umechelewa wapi, mbona umenuna. Hilo sikumwuliza. — Akatugeukia. — Hawa hawamjui mwenyeji. Na mimi simjui. Lakini mimi ndiye ninayekwenda kwa Mwenye Nyumba.

— Unapanda? — aliuliza Kadhi.

— Napanda. Nitaingia, na sitaanza kwa kuuliza. Mgeni haanzi hivyo. Nitashukuru kwanza. Kwa pilau, kwa harusi, kwa mama yake Bolatbek aliyezikwa watu wakiwa wameshiba, kwa Orazbek na mchanga wake. Nikimaliza kushukuru, kama pumzi itabaki, ndiyo nitauliza: ile karamu ilikuwa ya nani? Nikiambiwa lirudishwe, narudi nalirudisha.

— Kwa nani, Apa?

— Si nitakuwa nimeshaambiwa?

Treni ilisimama, milango ikafunguliwa, na mhudumu akaanza kupiga kelele kama kawaida yao, kwamba haisimami muda mrefu. Kadhi alibeba magunia ya Ulbosyn. Koti aliubeba mkoba wa Apa mpaka kwenye ngazi, akampa mkono apande.

— Niridhieni, — Apa akatuambia sote kutoka juu.

— Tumekuridhia, Apa. Nawe utuwie radhi.

Koti hakushuka kwenye ngazi ya chini. Bado alikuwa ameushika mkoba.

— Shemeji.

— Malaika nitawasalimia.

— Si hao. — Alikohoa. — Na la geti niulizie. Sikumwogopa Orazbek, wala hakuniomba. Mpaka leo sijui kwa nini nilifungua.

Apa alimtazama kwa muda ambao mhudumu aliona ni mrefu mno. Kisha akauchukua mkoba mkononi mwake.

— Nitaanza na hilo, — akasema.